Dakika Tano za Mizani

Mpaka leo nikisikia fundi anasema "dakika tano tu," natamani kumzaba kibao. Nasema hivyo mimi niliyezirudia mchana kutwa kwenye ghala la mahindi hapa Songea, mzee wa watu kutoka Namtumbo akinitazama.

Nilipewa kazi ya kuhamishia programu ya kupokelea mazao kwenye kompyuta mpya. Nikaigawa kwenye kontena, yaani visanduku ndani ya kompyuta, kila kimoja kimejifungia na kazi yake. Uzuri wake, kimoja hakivurugi kingine. Ubaya wake, hakisikii wala hakionekani mpaka ukichongee njia: kiwe na namba yake, kama anwani ya nyumba, kiwe na mlango wa kutokea nje. Kazi ya asubuhi moja, nilijitapa kwa meneja. Naye akaniamini, akapiga marufuku stakabadhi za mkono kuanzia siku ile. Gunia lisilopita kwenye mfumo haliingii ghalani.

Kabla sijaanza, mama wa masijala alinifuata na kaunta buku lake. "Mwanangu, fundi aliyepita alikuwa ananiandikisha namba zote humu. Za mizani hizi hapa."

"Mama yangu, siku hizi namba zinajipanga zenyewe," nikamjibu. Hata jalada sikulitazama.

Haya. Kontena zikawaka, zikawasiliana zenyewe kwa zenyewe vizuri kabisa. Mzee alikuwa wa kwanza, magunia yake kumi na mawili yamepangwa uani. Makuli wakapandisha moja kwenye mizani. Kioo cha mizani kinasema kilo mia na mbili, kompyuta yangu inasema sifuri.

"Dakika tano, mzee wangu."

Nikazima, nikawasha. Sifuri. Nikabadilisha waya. Sifuri! Nikafuta kontena zote, nikaziunda upya, nikamlaani aliyetengeneza mizani na ukoo wake. Jamani, hakuna kinachoudhi kama mashine inayokwambia kila kitu kiko salama huku hakuna kinachofanya kazi. Mzee alishaacha kuniangalia. Alikuwa anaangalia wingu linalopanda upande wa Peramiho.

Akaja dirishani. "Binti, haya yakilowa hamyapokei. Niandikieni tu kwa mkono."

Nilitakiwa kumpigia meneja nimwambie nimeshindwa. Simu ilikuwa mezani. Nikasema tena dakika tano.

Mvua haikuningoja. Makuli walikimbia na turubai moja, likafunika nusu ya mzigo.

Ndipo mama wa masijala akasogea. Alifungua kaunta buku mbele yangu, akaweka kidole. Namba nilizoacha kontena zijichagulie zilikuwa zilezile za mizani, kwa hiyo muda wote kompyuta ilikuwa inaitafuta mizani ndani ya tumbo lake yenyewe. Nikabadilisha mstari mmoja, kilo zikatokea. Magunia sita yakapokelewa. Sita yakarudi Namtumbo yamelowa chapachapa, na mimi sikupata hata ujasiri wa kutoka nje nikamwombe mzee radhi.

Msimu uliofuata nilimkuta palepale uani, amekaa juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti," akaitikia, macho yake yako juu angani. "Zile dakika tano zimekwisha?"