Mapigo ya Mtu Aliyelala

Niliripoti kazini katika zahanati moja ya Nakawa nikiwa na gauni jeupe lililopigwa pasi mara mbili na kiburi cha kuwatosha manesi watatu. Daktari mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinitazama juu ya miwani. "Karibu, nyabo," akasema, yaani bibi. "Hapa tunasikiliza kwanza, kuandika baadaye." Nikamwona mzee wa kuchosha. Mungu anisamehe, nilikuja kumpenda kama baba.

Miaka ile ya utawala wa jeshi, wagonjwa wengi walikuja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Ndugu zao walichukuliwa wasirudi, wangekuwaje? Sisi manesi tukazoea kuandika neno moja kwenye kadi: hofu. Tukawapa vidonge vya kutuliza, wakaenda zao.

Ndipo akaja sajini kijana na barua ya kamanda wake. Kamanda alitaka jibu siku hiyo hiyo: huyu anaumwa, au anatetemeka kwa sababu anaficha jambo? Kila mtu alijua walioshukiwa walipelekwa wapi.

"Sista, mimi hapana ogopa," aliniambia. "Mikono natingisika yenyewe. Nakula posho sahani mbili, bado nakonda."

Nilikuwa nimeshaandika hofu. Daktari akaifuta kwa wino mwekundu. "Mlaze. Akipitiwa na usingizi, mhesabie mapigo."

Adhuhuri ile sajini alilala akikoroma. Nikamshika kifundo cha mkono: mia na ishirini! Mwenye hofu akilala, moyo wake hutulia; huu ulikuwa bado unakimbia. Alipoamka, Daktari akampa maji. Kila alipomeza, uvimbe mdogo shingoni ulipanda na kushuka. Ilikuwa tezi ya shingo, inafanya kazi kupita kiasi.

Kumwandikia kamanda jibu asilolitaka halikuwa jambo dogo. Niliona kalamu ikimtetemeka Daktari.

"Na wewe ni tezi?" nikamtania.

"Hapana, nyabo. Hii yangu ndiyo hofu. Itazame vizuri, uijue." Akatia sahihi.

Sajini alifanyiwa operesheni, akapona, akarudi na jogoo wa shukrani. Kisha akawa anarudi bila sababu yoyote.

Sasa nimestaafu. Nikimkuta mzee wangu amesinzia kitini, kovu lake shingoni, bado namshika mkono nahesabu. Sabini na mbili. Nakumbuka lile neno nililoliandika mimi, na mkono uliolifuta.