Mwaka Zilpah Alipokataa Kupanda

Watu wa upande wetu wa Kosele wakimtaja Nicodemus Omondi husema alikuwa tajiri wa ng'ombe. Mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitaharibu sifa za marehemu. Nicodemus alikuwa na fimbo nzuri na kofia, na alijua kusimama kwenye lango la boma jioni akiwatazama ng'ombe wakiingia. Mwenye kazi ya ng'ombe alikuwa mkewe. Mimi nimeolewa na binamu wa Nicodemus, na boma letu na lao linatenganishwa na ua wa minyaa tu. Ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Mke huyo aliitwa Zilpah Awino, lakini wengi walimwita Nyar Kadem, binti wa Kadem, kwa sababu kwao ni kule chini karibu na Sori. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye sauti kavu, na hakuwa mtu wa kuchekacheka na majirani. Angecheka saa ngapi? Kabla jua halijatoka alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, mtoto mgongoni akimlilia sikioni, ndama wakivuta kamba. Akimaliza anawatoa ng'ombe mpaka njia ya malishoni, anarudi kuwapa watoto wa shule uji, kisha anateremka na uji mwingine kwa mama mkwe, tuliyemwita Dani, ambaye aliishi katika boma lake la zamani chini ya kilima. Uji wa Dani lazima uwe wa wimbi, uwe na maziwa mala, usiwe moto, usiwe baridi. Dani huonja, halafu husema umeungua.

Akitoka hapo ni kuzoa mavi bomani, ni maziwa kichwani mpaka soko la Kosele, ni maji mtoni, ni kuni. Siku ya kunyunyizia dawa ya kupe, yeye ndiye aliyebeba bomba mgongoni, na Nicodemus akikaa kwenye kiti akimwonyesha kwa fimbo ng'ombe aliyesahauliwa. Hakuwa amemsahau. Alikuwa hajamfikia.

Siku moja nilimkuta mkono wake umeingia mpaka kiwiko ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na kwa mguu anamzuia mtoto asiingie motoni. Nikamwambia, "Nyieka, nipe huyo mtoto." Ndivyo wake wa ukoo mmoja tunavyoitana, nyieka, ingawa neno hilo lina wivu ndani yake tangu zamani.

"Mchukue," akasema, "lakini usimtilie sukari kwenye uji. Utaniharibia."

Hakusema asante. Mimi pia sikuingoja.

Mwaka wa tisini na nne binti yake mkubwa, Millicent, aliolewa katika familia ya wavuvi wa Sori, na wale watu walileta ng'ombe wazuri. Kwetu jambo hili halina mjadala. Ng'ombe wa binti huingia nyumba ya mama yake, na humngoja kaka yake wa tumbo moja, ili naye aoe. Kwa hiyo wale walikuwa ng'ombe wa Otieno, kijana wa Zilpah, aliyekuwa bado shuleni. Zilpah aliwajengea kizimba chao pembeni ya boma kwa mikono yake mwenyewe, akakata miti na kuifunga. Aliyempenda zaidi alikuwa mtamba mmoja mwekundu aliyemwita Silwal kwa ajili ya rangi yake. Ukimtafuta Zilpah jioni, ungemkuta hapo akimtoa kupe masikioni na kuwaponda juu ya jiwe.

Sasa Nicodemus alikuwa ameleta mke wa pili, Risper, msichana wa Suna. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na hakutaka kusikia habari ya ahadi. Alitaka mahari yaingie kwake, la sivyo binti arudi. Nicodemus alikuwa na ng'ombe wake wa kutosha kabisa, ila hakutaka kundi lake lipungue mbele za watu. Alikuwa na dume jeusi lenye pembe ndefu alilolipeleka kwenye mashindano ya mafahali, na likishinda angelisindikiza nyumbani akiimba sifa zake mwenyewe. Huyo asingemtoa hata kwa kufa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata Millicent alijifungua, na Zilpah akaenda Sori kumwangalia. Aliporudi alikuta kizimba kitupu. Nicodemus alikuwa amewaswaga ng'ombe wa Otieno mpaka Suna.

Nilisikia ugomvi wao kutoka upande wangu wa ua, na sikuhitaji kutega sikio. Zilpah aliuliza ng'ombe wako wapi. Nicodemus akajibu kwamba kila kilicho na kwato katika boma lile ni chake.

"Hata wewe," akasema, "nilikununua kwa ng'ombe."

"Ulinioa kwa ng'ombe wa dada yako," Zilpah akamwambia, "wale wa nyumba ya mama yako. Wewe tangu uzaliwe hujanunua kitu."

Risper alikuwa amesimama mlangoni kwake na viatu vyake vya plastiki vyekundu. Akasema mama mkubwa asijitie uchungu, ng'ombe ni ng'ombe tu. Zilpah akamnyooshea kibuyu cha kukamulia. "Basi shika, kamua." Yule msichana akajaribu, kwa kiburi. Ng'ombe alimpiga teke moja, maziwa yakamwagika, na kiatu kimoja kikabaki kwenye mavi mpaka kesho yake. Zilpah aliokota kibuyu, akakaa chini, akaendelea kukamua.

Nicodemus alidhani mambo yameisha. Hapo ndipo alipokosea, tena kosa la mtu mzima asiyefikiria kalenda ya nyumba yake. Alichukua ng'ombe wa mke mkubwa kabla ya mvua. Angengoja mpaka mahindi yafike magotini, Zilpah angebaki na kilio chake tu. Lakini katika boma la watu wetu hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mikayi, yaani mke wa kwanza, na usiku wa kuamkia siku hiyo mume lazima alale nyumbani kwa mke huyo. Mke mdogo akitangulia, huleta chira, ule ugonjwa wa kukonda na kufa unaomfuata anayevuka mila, na mara nyingi haumshiki mkosaji bali mtoto.

Mwezi wa tatu mvua ikanyesha. Kilima kizima kikainama kupanda. Shamba la Zilpah lilikuwa limelimwa tayari, na mbegu zake zilining'inia juu ya moshi wa jiko. Zilpah akaamka, akakamua, akatoa ng'ombe, akapeleka uji wa Dani, akaenda sokoni, akachota maji. Kila kazi aliifanya. Jembe halikushuka ukutani.

Wiki ya kwanza Nicodemus alifikiri ni hasira ya kupita. Wiki ya pili mahindi ya majirani yalikuwa yameota, na katika shamba la Risper ziliota nyasi. Mimi nilimwendea Zilpah nikamwambia waziwazi kwamba anajifunga mwenyewe, kwamba watoto wake wadogo ndio watakaolala njaa.

"Watakunywa maziwa," akasema. "Wamezoea kuona mama yao akifanya kazi. Wacha wamwone pia akikataa."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimwona kama mtu anayechoma nyumba yake ili jirani aone moshi.

Nicodemus alikwenda kwa mzee wa kanisa. Mzee akamwambia mila ni giza, apande tu na Bwana atabariki. Nicodemus akamwuliza kama yeye angepanda kabla ya mama yake. Yule mzee akakohoa, akasema mama yake alishapanda wiki iliyopita. Habari hiyo ilizunguka Kosele nzima, na watu waliicheka mpaka wakachoka.

Ndipo Nicodemus akaja bomani na fimbo, asubuhi, mbele ya watoto. Akamwamuru achukue jembe. Zilpah hakuinuka chini ya ng'ombe.

"Nipige, Baba Otieno," akasema. "Lakini ukinipiga nitakwenda Kadem leo hii. Halafu utapanda na nani?"

Fimbo ilibaki juu kidogo, kisha ikashuka yenyewe. Jioni ile ile alijaribu njia nyingine. Alivuka uwanja na blanketi lake begani, kila mtu akimwona, kwenda nyumbani kwa mke mkubwa. Alikuta mlango umefungwa, na kile kiti chake, ambacho siku zote kilikaa ndani, kimewekwa nje. Alirudi kwa Risper, na Risper, niliambiwa, hakumfungulia haraka.

Maana Risper naye alikuwa ameanza kuogopa. Alikuwa na mimba, hakuwa na kitu shambani, na wanawake mtoni walikuwa wakimwuliza kwa upole wa uongo kama kwao Suna watu hula nyasi. Mwishowe ni yeye, wala si Nicodemus, aliyekwenda kwa baba yake na kumwambia kwamba asipotoa wale ng'ombe, binti yake atazaa katika boma lisilo na chakula. Yule baba alitukana sana. Alitukana ukoo wetu wote, na mimi nikiwemo ingawa hatujuani. Lakini alikubali kungoja ng'ombe wengine, wa Nicodemus mwenyewe.

Ng'ombe wa Otieno walirudi mchana, Nicodemus akiwaswaga nyuma amejaa vumbi, kofia hana. Tulitoka wote kutazama. Zilpah aliweka chini mtungi wa maji, akawapitia mmoja mmoja. Aliinua mikia, akafunua masikio. Kupe walikuwa wamejaa kama mbegu za mtama.

"Silwal yuko wapi?"

Nicodemus alitazama kando. Akasema alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

"Nani alikuwa anamnyunyizia dawa?"

Huko Suna hakuna aliyemnyunyizia. Zilpah akageuka, akanyoosha kidole kwenye lile dume jeusi.

"Nipe huyo."

"Huyo ni wangu," Nicodemus akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Basi na mbegu ni zangu." Akauinua mtungi wake.

Nilidhani sasa atampiga kweli. Lakini Dani alikuwa amepanda kilima polepole na mkongojo wake, yule yule mama mkwe wa uji ulioungua, na alikuwa amesikia yote. Hakumtazama Zilpah hata kidogo. Wawili hao hawakupendana siku hiyo wala baadaye.

"Mpe, Omondi," akamwambia mwanawe. "Mimi sitazika mjukuu kwa ajili ya pembe."

Zilpah alilifunga lile dume kamba mwenyewe, akaliingiza katika kizimba cha Otieno. Jioni hiyo kiti kilikuwa ndani. Asubuhi alishuka shambani na jembe na mbegu zake, na alipofika katikati ya mstari wa tatu ndipo Risper akaanza upande wake. Hawakuamkiana.

Kilichovunwa kilikuwa kidogo. Jua liliwahi mahindi kabla hayajakomaa, na mwaka ule boma la Nicodemus lilinunua unga kwa maziwa ya Zilpah, kila debe. Nicodemus hakumsamehe. Zilpah hakuuomba msamaha huo. Waliishi hivyo, akimwekea chakula mezani na kuondoka kabla hajanawa.

Miaka minne baadaye Otieno alioa msichana wa upande wa Homa Bay. Wakwe walipokuja kuwaona ng'ombe, Nicodemus alisimama langoni na kofia mpya, akaeleza kwa kirefu jinsi baba anavyomwandalia mwanawe tangu utotoni, jinsi alivyomtenga dume jeusi kwa ajili ya siku hii. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilitazama chini ili uso wangu usinitie aibu.

Zilpah alikuwa anapita na kibuyu cha maziwa ya wageni. Akasimama mbele ya baba wa bibi harusi.

"Baba, huyo dume mnyunyizie dawa kila wiki," akamwambia. "Usimwulize mzee. Hajui bomba linavyoshikwa."

Akamimina maziwa vikombeni, cha Nicodemus akakijaza mwisho, akarudi bomani. Ndama walikuwa bado hawajafungwa.