Kaburi Lililovuka Minyaa

Kazi yangu ni kupiga picha za paspoti Buhongwa, kwenye kibanda chenye kitambaa cha bluu na kiti kimoja. Nyuso za watu zimenichosha. Ukimpiga mtu atasema umemnenepesha, au pua ile si yake. Ndiyo maana, nikishafunga kibanda, nilianza kupiga vizuizi kwa simu. Uzio haulalamiki.

Kwa nini hasa vizuizi, sijui kueleza vizuri. Shule niliishia darasa la saba. Nilianzia Kigongo. Siku hizi magari yanapita juu, darajani, na pale tulipokuwa tukisubiri kivuko nilikuta kipande cha mnyororo kimefungwa kati ya vyuma viwili. Hakikuwa kinazuia kitu. Pembeni hata ng'ombe angepita. Akaja mzee na baiskeli, akasimama mbele ya mnyororo, akasubiri. Hakuna kilichokuja. Mwishowe akageuza baiskeli, akarudi alikotoka. Nilimpiga picha kwa mgongo. Labda alikuwa anapumzika tu, sikumwuliza.

Nikapiga pia vizimba vya miti ambavyo watu wa ufukweni hujenga ndani ya ziwa ili wachote maji bila kushikwa na mamba. Nilipoiangalia ile picha nyumbani, maji ya ndani na maji ya nje yalikuwa sawasawa, na nilishindwa kukumbuka mimi nilisimama upande gani.

Watu walinicheka. "Dada, kila siku wewe na ukuta wa watu," alisema fundi mmoja. "Umekuposa?"

"Bado unajifikiria," nilimjibu.

Nyuma ya nyumba ninayopanga anaishi bibi mmoja wa Kisukuma, peke yake na mbuzi zake. Kiwanja chake kilizungukwa na minyaa, ile miti isiyo na majani ya maana, ukiikata inatoa utomvu mweupe unaopofusha macho. Mwisho wa kiwanja, karibu na uzio wa nyuma, ndiko alikozikwa kitinda mimba wake, aliyefariki kabla hajapewa jina. Hakuna msalaba wala saruji, ni mawe machache tu yaliyopangwa kwenye majani. Kila asubuhi bibi alikaa pale na kikombe chake cha uji. Nilipomwomba nipige uzio alikubali. "Piga, mayu, mama yangu. Yeye mwenyewe hapendi kelele, lakini simu yako haina kelele."

Nilisimama juu ya jiwe kubwa lenye ufa, nikapiga. Mawe ya kaburi yako upande wetu, minyaa iko nyuma yake. Nilirudi tena mara mojamoja, kwenye jiwe lilelile, maana nilipenda kuona minyaa inavyobadilika mvua zikianza.

Halafu bibi akaenda Magu kumuuguza dada yake, akakaa huko muda mrefu. Siku aliyorudi niliamshwa na sauti yake asubuhi. Hakuwa akilia. Alikuwa anaita, kama mtu anavyomwita mtoto aliyetoka bila kuaga. Nilipofika aliniambia kwa utulivu, "Amehama."

"Nani, bibi?"

"Angalia."

Niliangalia. Minyaa ilikuwa mbele yetu, imesimama wima, imefunga. Mawe ya kaburi yalikuwa nyuma yake, upande wa jirani. Nilipanda kwenye jiwe langu lenye ufa, nikapiga picha, nikailinganisha na ile ya zamani. Jiwe ni lilelile, na mti wa mwembe wa jirani kule nyuma ni uleule. Kaburi ndilo lililovuka. Nilijiambia huenda nimekosea kusimama. Nikasimama tena. Picha ikatoka vilevile.

"Ameitwa," bibi alisema. "Nilimwacha peke yake, akaitwa."

Upande wa pili anaishi mwalimu mstaafu kutoka Kagera, aliyenunua kile kiwanja baada ya mwenyewe kuhama. Lazima niandike kwa haki kwamba ni mtu mwema. Huwasaidia watoto wa mtaa hesabu bila kudai kitu, na kila akipita kibandani husalimia. Lakini siku ileile mafundi wake walikuwa wameshapigilia vigingi na kuvuta kamba, sambamba na ile minyaa, kwa ajili ya ukuta wa tofali. Ukuta ukisimama, bibi asingemfikia mwanawe tena mpaka apite barabarani na kubisha geti la mtu.

Bibi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasikia habari ya picha, akaniita.

Usiku nilizipitia zote. Ndipo nikaiona ya tatu, niliyoisahau, niliyoipiga mvua zilipoanza. Kulikuwa na safu mbili za minyaa. Ya zamani ilikuwa nyuma ya kaburi. Ya mbele ilikuwa vijiti vifupi vilivyochomekwa ardhini, na aliyekuwa ameinama akivichomeka, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa bibi. Minyaa haina makuu. Ukichomeka kijiti kinashika, na mwaka haupiti kinakuwa uzio.

Kwa hiyo hakuna kaburi lililotembea, ni safu ya nyuma iliyotoweka. Nilitakiwa kufurahi, lakini nilikaa na ile picha nikiogopa. Nikiionyesha, mwalimu ataambiwa ana haki, bibi kaweka mpaka mwenyewe. Nikiificha, nitakuwa nimesema uongo kwa simu yangu. Sikulala vizuri.

Asubuhi tulisimama kwenye kamba ya mafundi, mwenyekiti, mwalimu, bibi na mimi.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Sema ulichoona. Usinionee haya, wala usimwonee yeye."

Nikaonyesha zote tatu. Bibi aliitazama ya tatu akasema mara moja, "Ndiyo, ni mimi. Mbuzi zangu walikuwa wanamkanyaga. Nilimzungushia, wasimfikie kutoka nyumbani. Huko nyuma alikuwa na uzio wa zamani, na mimi vijiti hivi nilivivuka tu; niliporudi wa zamani haupo, hivi vimefunga, nikajua amehama."

"Aliyeung'oa uzio wa zamani ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi," mwalimu alisema. "Sifichi. Kwetu mpaka ni mti wa mlamula. Mwenye ardhi akiupanda kwa mkono wake, hakuna kesi tena, mti umeshasema. Nilimwona mama huyu anapanda safu mpya. Nikasema, kumbe amejirekebisha, ananisogezea. Ile ya nyuma nikaitoa kwa sababu ya macho ya wajukuu."

"Na kaburi?"

Mwalimu aliyatazama yale mawe, akatazama kilima chote nyuma yetu. "Mwenyekiti, Mwanza nzima ni mawe. Nilidhani ni mawe."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikuna kichwa, akasema basi kama mama kapanda mwenyewe, mambo yanakuwa magumu. Bibi alikuwa ameshika kijiti kimoja cha minyaa bila kukivunja. Nilitamani ningeifuta ile picha usiku.

Mwalimu akaniomba simu. Aliivuta picha ikawa kubwa, akaisogeza karibu na miwani.

"Amesimama wapi?" aliuliza.

"Nani, mwalimu?"

"Mama. Hapa anapopanda." Akamgeuzia mwenyekiti simu. "Kaburi liko kwenye visigino vyake. Uso anatazama nyumba yake. Kwetu anayepanda mpaka husimama ndani ya chake, anautazama upande wa mwenzake. Huyu alikuwa kule, upande wa kaburi; ingekuwa ni mpaka, nyumba yake ndiyo ingekuwa ya mwenzake. Mtu hajifungii nje ya nyumba yake mwenyewe." Akanirudishia simu. "Fundi! Toa kamba."

"Tuipeleke wapi, mzee?"

"Tafuta visiki vya minyaa ya zamani. Fuata hivyo."

Visiki vilipatikana. Vingine vilikuwa vimeanza kuchipua.

Mwenyekiti alimwambia bibi sasa aing'oe safu yake mpya, yaishe. Bibi akakataa. Alisema mtoto ameshaizoea, akiamka akakuta pako wazi atatoka. Yeye alitaka tu pa kupita kumfikia. Mwalimu mwenyewe akachukua panga, akageuza uso kukwepa utomvu, akakata mwanya wa kutosha mtu mmoja. Utomvu ulichuruzika pande zote mbili mpaka ardhi ikawa na madoa meupe.

Wanaume wakajitenga. Bibi akavua kandambili, akasimama kwenye ule mwanya, lakini hakuingia.

"Hodi," alisema.

Baadaye mwalimu aliniambia kwamba karibu aitikie, kwa mazoea tu, akajizuia maana hakujua angekuwa anaitikia kwa niaba ya nani.

"Hodi," bibi alisema tena, polepole zaidi.

Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa, akainama na kupita. Mimi sikusikia kitu. Simu ilikuwa mkononi, imewashwa, na mwanya ulikuwa mbele yangu, lakini sikuinyanyua.