Figo la Hamis Lilivyokwenda Harusini

Wifi yangu Adija hakusamehe, na sitamsemea uongo kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Aliuza vitenge sokoni Kasulu, mke wa Tamimu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Mwaka 2012 mashavu yalimwiva mekundu, viungo vikamuuma, miguu ikavimba. Hospitali wakasema ni lupus: kinga ya mwili wake imemgeukia mwenyewe. Mwaka uliofuata ilikuwa imekwisha kumharibia mafigo yote mawili.

Ukweni hakujitolea mtu kumpa figo. Mama mkwe wake, Bi Asia, alisema mbele ya wageni, "Mwili unaojitafuna wenyewe utaliacha figo la mtu?" Aliyejitolea ni mume wangu Hamis, kaka yake Adija. Wakaenda India wawili, nami nikabaki nyumbani kwetu Kibondo.

Huko Kasulu, nyuma yao, Bi Asia akafungua sanduku la Adija, akawagawia mabinti zake vitenge, kama zinavyogawiwa nguo za marehemu. Marehemu mwenyewe yuko kitandani ng'ambo, anaanza kukojoa vizuri kwa figo la kaka yake! Tamimu naye akaoa, akamweka bibi harusi chumba kilekile. Mungu anisamehe, watu wale niliwaombea upele.

Adija aliporudi alifikia kwetu. Daktari wa Mwanza alimweleza waziwazi: wengi wenye ugonjwa wake figo jipya huwadumu kama linavyowadumu wengine, ila ugonjwa unaweza kurudi ukalishambulia na hili. Dawa asikose hata siku moja. Na kwa kuwa dawa hizo zinaipunguza kinga yake, misongamano aikimbie, maana kikohozi cha mtu kingeweza kumlaza. Adija akawa anameza vidonge huku anawataja mmoja mmoja, mawifi zake wa Kasulu na mama yao.

Mwaka 2015 tukasikia binti mdogo wa Bi Asia anaolewa.

"Naenda," Adija akasema.

Hamis aliacha kula. "Kwenye watu wote wale? Figo langu unalipeleka msongamanoni kwa sababu ya vitenge?"

"Si vitenge, kaka. Walinizika."

"Likifa hilo, jingine sina la kukupa. Nililobaki nalo ni la wanangu."

Nilikuwa upande wa mume wangu, tena kwa hasira. Kidonda cha ubavuni pake nilikiuguza mimi. Lakini asubuhi ya harusi nilimfuata Adija stendi, nikamkuta amevaa barakoa, nikapanda basi pamoja naye. Siku kama ile ningekaaje nyumbani?

Mvua ilikuwa imenyesha Kasulu. Wanawake walikaa chini ya turubai, na tulipoingia vigelele vilikatika. Adija akamwendea wifi wa kwanza, akamshika pindo la kitenge alichovaa. "Hiki nilikinunua mimba yangu ilipotoka, nipate kujiliwaza. Kimekupendeza." Akamwendea wa pili. "Hiki alininunulia Tamimu siku aliyofungua duka." Sauti ya upole kabisa, kama anayesifu. Wa tatu hakungoja zamu yake, alijifunika khanga akakimbilia jikoni.

Bi Asia akaja analia, akapiga magoti mbele ya wageni wake. "Mwanangu, tusamehe. Shetani alitupitia. Tutavirudisha vyote."

Adija aliteremsha barakoa ili kila mtu amsikie. "Vivaeni tu. Mimi sisamehe, na sifi."

Akala pilau yao, akaomba aongezewe.

Wiki ileile homa ikampanda. Hamis alitupeleka Mwanza. Ilikuwa nimonia. Akalazwa, akachomwa sindano, na sisi tukasubiri majibu ya figo. Nilimwomba Mungu radhi, Bi Asia sikumwomba.

Daktari akaja na majibu: nimonia inapona, figo linafanya kazi, ugonjwa haujarudi. Hamis alikaa ukingoni mwa kitanda, akafunika uso kwa viganja.

"Huendi tena popote," alisema baadaye.

"Siendi, kaka."

Akatazama mlangoni kuona kama daktari amekwenda.

"Yule mama alipiga magoti kweli?"

"Kwenye tope," nikamjibu.

Hamis akavuta kiti karibu. "Hebu nisimulieni tangu mwanzo."