Msichana Niliyemfundisha Kusema

Nilikuwa nafundisha Kifaransa mjini Kabambare, na kila Alhamisi baada ya masomo nilibaki na wanafunzi wachache kuwazoeza kusema mbele ya watu. Mmoja alikuwa msichana wa kijiji cha Wamaza. Mwanzoni alisema akitazama miguu yake, sauti haifiki benchi la pili.

"Tazama watu mu macho," nilimwambia kila wiki. "Neno lako ulifikishe mupaka mwisho."

Ilichukua mwaka mzima. Kisha wakubwa wa afya wakaitisha mkutano Wamaza, wakataka kijana mmoja awasemee wenzake. Nilimchagua yeye. Tuliandika pamoja maneno ya kuomba kisima, nikampeleka mwenyewe kwa pikipiki.

Alisoma mistari miwili. Kisha akaikunja karatasi.

"Dawa za watoto zinaletwa bure," alisema. "Lakini ziko zinauzishwa ku soko. Mutoto wa jirani yetu alikufa na homa, na dawa ilikuwa kwetu, chini ya kitanda."

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mjomba wake, aliyemlea tangu baba yake afariki. Alikuwa ameketi safu ya mbele. Watu wakaanza kupiga kelele. Mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilijivuna: hakutetemeka, hakumeza hata neno moja.

Muuguzi akafukuzwa kazi. Msichana hakurudi shuleni. Wiki ya tatu nikaenda kwao. Mama yake alinisimamisha mlangoni.

"Haiko hapa. Tulimutuma Lusangi, kwa shangazi yake."

"Mama, alisema kweli."

"Najua ni kweli. Wewe ulirudi kwako Kabambare. Sisi tulibakia na ndugu yangu mu nyumba."

Nilikwenda Lusangi, nikamkuta shambani anapalilia mihogo. Alinisalimu kwa heshima, mikono imejaa udongo. Nikamuuliza kama alikuwa amepanga kuyasema yale.

"Hapana, mwalimu. Nilitazama watu, vile ulisema. Nikamuona mama ya ule mutoto."

Halafu akauliza, "Mama yangu anasema nini?"

"Anakusalimia," nilisema.

Alinitazama machoni muda mrefu, mpaka mimi nikainamisha kichwa. Kisha akachukua jembe, akaendelea kupalilia. Mwaka wa shule ukaisha bila yeye kurudi.