Kipimo Alichompimia Mumewe

Wifi yangu alisomea fizikia, na ubishi alizaliwa nao. Taasisi ya utafiti ilipomtaka abuni njia mpya ya kuwapima watafiti wake, nilijua patachimbika, kwa sababu kaka yangu, mumewe, ni mtafiti hapohapo, na alikuwa akisubiri ukuu wa idara.

Zamani walihesabu makala tu. Ukitaka kupanda cheo, utafiti mmoja unaukatakata makala tano, kila moja na kichwa chake. Kwa ukataji huo kaka yangu alikuwa fundi haswa.

Wifi aliikataa hesabu hiyo. "Lori lililojaa mzigo likiegeshwa, nishati ya mwendo halina," alituambia mezani, kijiko mkononi kama chaki. "Wingi wa makala ndio uzito. Kasi ni jinsi wenzako wanavyozitumia. Na kasi unaizidisha kwa yenyewe, kwa hiyo ndiyo inayoamua."

Kaka alicheka. Alipoona matokeo yake kwenye kompyuta, kicheko kikamkauka. Kutoka wa kwanza alikuwa ameporomoka hadi karibu na mkiani.

"Mke wangu, kasi usiizidishe kwa yenyewe. Ihesabu mara moja tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wifi, huyu ni mumeo!" niliingilia, damu imenichemka. "Unataka kumwangusha mbele za watu?"

"Angekuwa mtu baki nisingeigusa hesabu. Kwake pia siigusi."

Nilimnunia. Nilimwona hana utu, nasema kweli. Asubuhi ya kikao cha kutangaza matokeo alimpigia kaka shati pasi, macho yamemvimba kwa kulia, wakatoka pamoja bila kusemezana.

Kaka ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Mkurugenzi aliuliza mbele ya wote kama yule wa karibu na mwisho si mumewe. Wifi akajibu ndiye, akaendelea kueleza. Ukuu ukaenda kwa mama mmoja mwenye makala nne tu, ila hakuna maabara isiyozitumia.

Jioni kaka alikaa sebuleni na tai yake shingoni. Nilingoja alipuke.

"Ule utafiti wa maji ya visima," alimwambia mkewe. "Niliuacha kwa sababu ungenimalizia miaka mitatu na kunipa makala moja."

"Ndio uliokuwa ukinisimulia tulipokuwa wachumba."

Kaka akaivua tai. "Nikiurudia, miaka yote mitatu nitakuwa wa mwisho."

"Na mimi nitakupima yote mitatu," wifi akasema.