Darubini ya Baba Mkwe

Mume wangu alinipigia simu kutoka Nakuru, anakofanya kazi, akaniambia nimtafutie baba yake darubini ya kuwindia, nzuri lakini isiyo ya bei kali. Nilicheka. Kuwinda kulipigwa marufuku nchini kabla sijazaliwa, na huku kwetu Nyamira kila kipande cha ardhi ni chai, mahindi au nyumba ya mtu. Swala atapita wapi? Lakini baba mkwe alikuwa mwindaji ujanani, na neno hilo hakuliacha. Siku hizi anawinda tumbili. Wanatoka kwenye miti ya mtoni alfajiri na kuvamia mahindi, na yeye, akiwa ameketi huko juu mbele ya nyumba yake, anawaachilia mbwa wake wawili wawafukuze. Tatizo ni kwamba macho yake ya mbali yalikuwa yamepungua. Alikuwa akiwaona tumbili wakati wameshashiba.

Kwa kuwa nafanya kazi mjini Kisii, katika ofisi ya kuuza mbegu na mbolea, kazi ikawa yangu. Mimi ni mtu nisiyependa kupunjwa. Afadhali nirudi nyumbani mikono mitupu kuliko kuletewa takataka kwa maneno matamu. Duka la kwanza, muuzaji alinipa dude kubwa lenye vioo vyekundu, limeandikwa thelathini kwa sitini, na kwenye boksi kuna picha ya mnyama mwenye pembe za matawi ambaye hajawahi kukanyaga Kenya. Nikatoka mlangoni, nikaelekeza kwenye bango la ng'ambo ya barabara. Bango lilicheza mpaka nikahisi kichefuchefu.

"Hii inavuta sana, madam," kijana wa watu alisema.

"Inavuta mpaka inatapisha," nikamjibu, nikamrudishia.

Duka la pili lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake imefanya biashara Kisii tangu enzi za babu yake. Kwanza hakunionyesha kitu. Aliniuliza darubini ni ya nani, anaangalia nini, na saa ngapi. Nikamweleza.

"Mkono wake unatetemeka?"

"Kidogo."

"Basi, dada yangu, achana na hizi za ishirini na thelathini. Mkono ukitetemeka kidogo, picha inatetemeka mara thelathini. Mchukulie ya nane kwa arubaini na mbili." Akanifundisha na hesabu yake: namba ya pili igawanye kwa ya kwanza. Arubaini na mbili kwa nane, unapata tano na ushee. Hapo mwanga wa alfajiri unaingia vizuri. Sitini kwa thelathini, unapata mbili. Asubuhi mapema mzee ataona giza tupu. Vioo viwe vya rangi ya zambarau au kijani kwa mbali, visiwe vyekundu vya kuringia. Gurudumu la katikati lizunguke bila kukwama. Halafu angalia kitu kimoja kwa muda. Kichwa kikianza kuuma, vioo havijakaa sambamba.

Nilijaribu nne. Ya nne niliielekeza kwenye jengo la mbele, ghorofa ya tatu, ambako mama mmoja alikuwa akianika nguo. Niliona rangi ya vibanio vyake. Niliona kitambaa cha kichwani kimelegea na yeye akikikaza kwa meno na mkono mmoja. Kichwa hakikuuma. Nikalipa kwa furaha, tena akanipunguzia. Sikufikiri hata kidogo kwamba ninavyomwona yule mama ndivyo nami nitakavyoonwa.

Sisi Wagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya wazazi na watoto. Baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkaza mwana hampi mkwewe mkono wa salamu. Na ole wao wakionana mmoja hajavaa sawasawa. Wageni huona tunajisumbua bure, lakini kwangu mimi ndiyo iliyoniwezesha kuishi miaka kumi na mmoja katika boma la watu bila neno. Kila mtu anajua mpaka wake. Sasa nyumba yetu iko mteremkoni, chini ya nyumba ya mzee, upande usioelekea mtoni, na nyuma ya jiko langu ndiko ninakoogeshea watoto na kuoshea nywele zangu. Halafu mimi mwenyewe, kwa pesa za mume wangu na akili zangu zote, nikaenda mjini nikamnunulia mzee macho.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa sherehe. Mbwa waliachiliwa kwa wakati, tumbili walikimbia midomo mitupu, na mama mkwe aliniambia mzee analala na darubini chini ya mto. Nilivimba kichwa.

Kisha ikaja Jumamosi. Nilikuwa nyuma ya jiko, shimizi tu mwilini, povu kichwani. Nikainua uso kumwaga maji, nikaona huko juu kwenye migomba miduara miwili ikimetameta, imenielekea mimi. Niliacha beseni nikakimbilia ndani, povu likaniingia machoni. Niliona aibu, halafu hasira.

Jioni nilimfuata mama mkwe jikoni kwake. Mambo kama hayo humwambii mzee mwenyewe. Yanapitia kwa mkewe. Nilimwambia macho hayana pazia, lakini mtu mzima anajua kuyafumba. Nilimwambia kama mzee anataka kuniangalia, basi nitarudi kwetu Ogembo, naye amtafutie mwanawe mke asiye na haya. Nilisema hayo yote. Mama mkwe aliendelea kuchambua mboga. Mwishowe akasema tu, "Nimesikia."

Kesho yake asubuhi nilikuta boksi mlangoni kwangu. Darubini ilikuwa ndani, mkanda umezungushwa vizuri, vioo vimefutwa. Sikuona haya. Niliona nimeshinda, nikaiweka juu ya kabati.

Mahindi yalikuwa yanakomaa. Tumbili hawakuchelewa kujua kwamba mlinzi amepofuka tena. Mistari ya chini iliisha kwa siku nne. Mzee aliwaachilia mbwa kwa kubahatisha, wakawa wanabweka upande usio na kitu huku tumbili wakimenya mahindi upande mwingine. Nilimsikia akiwaita mbwa kwa sauti ya mtu aliyechoka, na bado nikajiambia amejitakia.

Siku ya tano tulikuwa tukichuma chai pamoja, mama mkwe na mimi, kila mmoja na kikapu chake. Bila kunitazama akasema, "Siku ile ni mimi niliyekuwa nimeishika."

"Ulikuwa umeshika nini?"

"Hiyo mashine yenu. Tumbili walikuwa wameanza kupitia migomba ya nyuma ya jiko lako. Yeye upande wenu haangalii. Akifika huko ananipa mimi, namwambia nilichoona."

Majani yaliniponyoka mkononi. "Mama, mbona hukuniambia jioni ile?"

"Nilitaka kusema. Alinikataza. Alisema mkaza mwana akishasema ameonwa, mzee hajitetei. Akijitetea, maneno yanakuwa mawili na boma zima linayajadili. Alisema afadhali tumbili wale."

Sikumaliza mstari wangu. Nilishuka nyumbani, nikachukua boksi, nikapanda kwa mzee. Njiani nilitafuta maneno sikuyapata, maana msamaha nao ulipaswa kupitia kwa mkewe. Nilikuta ameketi nje. Niliweka darubini juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua tatu kama inavyotakiwa, nikasema hivyo hivyo, bila mjumbe: "Tata, nimekukosea."

Alikuwa akitazama mtoni, au alipodhani ni mtoni.

"Mistari ya chini imeisha," akasema. "Tutapanda maharage." Kisha akaongeza: "Mama yenu naye macho yameanza kuchoka. Upande wenu uwe unaangalia wewe."

Nikaichukua darubini. Kwa mara ya kwanza nikasimama pale anapokaa na kuangalia nyumba yangu. Niliona komeo la mlango. Niliona beseni, sabuni, na shimizi ileile kwenye kamba. Nikaishusha, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Hata kwa macho matupu, vyote vilionekana. Nyumba iko karibu mno. Zamani, macho yake yalipokuwa mazima, asingehitaji darubini yoyote kuniona.

Nikageuka kumtazama. Kiti chake kizito cha mbao kilikuwa kimezama ardhini, miguu yote minne ikiwa imejichimbia mashimo kwa kukaliwa pale pale mwaka baada ya mwaka. Na mgongo wa kile kiti ulikuwa umeelekea mlangoni kwangu.